Zebaki Haiungui: Jibu kwa Wanaosema Kemia Si ya Kiswahili



Pana kauli inayorudiwa katika mabaraza yetu kana kwamba haihojiwi: kwamba Kiswahili ni lugha ya mapenzi, ya siasa, ya ibada na ya ushairi, lakini sayansi ngumu, hasa kemia, iachiwe Kiingereza. Wanaoisema ni wa aina mbili. Wa kwanza ni msomi anayeamini kwamba lugha yetu haina maneno ya kutosha. Wa pili ni mshairi anayeamini kwamba maneno hayo yakija yataichafua lugha. Hawa wawili hawapatani katika jambo jingine lolote, ila katika hili wameshikana mikono. Nami nasema wote wamepotoka, na upotofu wao hauishii kwenye makaratasi. Huku kwetu, kuanzia Shinyanga na Kahama hadi Nyarugusu na Rwamagasa mkoani Geita, watu wanauvuta mapafuni.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilisomea ualimu chuoni, nikafundisha kemia katika shule za sekondari hadi muda wangu ulipotimia. Miaka yote hiyo niliandika ubaoni kwa Kiingereza kama sera ilivyoagiza, na nikafafanua kwa Kiswahili kama masikio ya wanafunzi yalivyohitaji. Kwa hiyo, anayeniambia kwamba kemia haielezeki kwa Kiswahili ananiambia kwamba kazi niliyoifanya kila siku haikufanyika.

Lakini hoja haithibitishwi kwa kujisifu. Tuchukue jambo gumu kweli, lisilofundishwa hata kidato cha sita kwa kina, tuone kama lugha itakwama. Nachagua kampaundi zinazounganisha zinki na kaboni, na namna zinavyomenyuka na maji na alkoholi.

Zinki mnaijua. Ndiyo inayopakwa juu ya mabati yasishikwe na kutu, na ndiyo iliyomo katika vidonge anavyopewa mtoto anayeharisha. Mvua hunyesha juu ya bati usiku kucha na hakuna kinachowaka. Lakini mwaka 1849, huko Marburg nchini Ujerumani, kijana Mwingereza aitwaye Edward Frankland alikuwa akipasha moto zinki pamoja na iodidi za ethili na methili ndani ya bomba la kioo lililozibwa. Alipotia maji katika mabaki ya bomba mojawapo, mwali mrefu wa rangi ya kijani na buluu ulichomoka mdomoni mwake. Alikuwa amezipata kampaundi za kwanza za aina hiyo: zinki imeshikana moja kwa moja na kaboni.

Kwa nini maji, ambayo sisi tunayajua kwa kuzima moto, yaliuwasha? Atomi mbili zinaposhikana hugawana elektroni, lakini mgawo si wa haki daima. Kwa kipimo cha Linus Pauling, nguvu ya kaboni ya kuvuta elektroni ni 2.55, na ya zinki ni 1.65. Kaboni hujivutia zaidi, ikabaki na elektroni nyingi upande wake na njaa ya kushika kitu kilichopungukiwa. Ndani ya maji kipo kitu hicho. Oksijeni imeivutia elektroni za hidrojeni, na hidrojeni imebaki na upungufu. Vinapokutana, kaboni huinyakua hidrojeni, na zinki huishika oksijeni. Molekuli moja ya diethilizinki ikipata maji ya kutosha hutoa molekuli mbili za gesi ya ethani na kuacha haidroksidi ya zinki, kitu cheupe kisicho na makeke. Joto linalotoka ni kubwa, na penye hewa gesi hushika moto.

Alkoholi ni binamu ya maji. Chukua molekuli ya maji, ondoa hidrojeni moja, weka mnyororo wa kaboni mahali pake: umepata alkoholi. Kwa hiyo nayo hufanya kama maji, lakini kwa hatua zinazoonekana. Ethili ya kwanza huondoka upesi ikiwa ethani. Ya pili husitasita. Katikati ya hatua hizo zinki hubaki imeshika ethili upande mmoja na oksijeni ya alkoholi upande wa pili, na molekuli za namna hiyo hupenda kujikusanya, mara nyingi nne nne, zikapangika kama mchemraba.

Wapenzi wa vitabu watafurahi kujua kwamba jambo hili limewahi kuwagusa. Karatasi ni selulosi, na selulosi imejaa vikundi vya oksijeni na hidrojeni kama vile vya alkoholi. Miaka ya 1980 maktaba kuu ya Marekani, Library of Congress, ilijaribu kuokoa vitabu vinavyoliwa na asidi yake yenyewe kwa kuvipitishia mvuke wa diethilizinki baada ya kuvikausha ndani ya ombwe. Mvuke uliimaliza asidi na kuacha oksidi ya zinki ya kuvilinda vitabu siku za mbele. Lakini kampaundi hiyo haisamehi: mwaka 1985 na 1986 mtambo wa majaribio ulipatwa na moto na mlipuko.

Sasa nauliza: ni wapi hapo Kiswahili kimekwama? Nimetumia “kumenyuka”, “kushikana”, “kunyakua”, “kusitasita”, “ombwe”. Nimeazima atomi, elektroni, ethani na selulosi, kama Kiingereza nacho kilivyoziazima kutoka Kigiriki na Kilatini. Msomi wa kundi la kwanza hana pa kusimama. Na asiseme kwamba istilahi hazikuandaliwa. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilitoka mwaka 1990. Kabla ya hapo, mwaka 1982, Tume ya Makweta ilikwisha kupendekeza sekondari zifundishwe kwa Kiswahili, na pendekezo likawekwa kabatini. Maneno yapo. Yanakosa vinywa.

Nimelianza jambo hili kwa zinki kwa sababu zinki ina ndugu. Katika jedwali la elementi, zinki, kadimi na zebaki zimo katika safu moja, moja chini ya nyingine. Frankland huyohuyo, mwaka 1852, aliunganisha methili na zebaki kwa msaada wa mwanga wa jua. Mtu angetarajia ndugu wafanane tabia. Hawafanani. Nguvu ya zebaki ya kuvuta elektroni ni 2.00, kwa hiyo kaboni iliyoshikana nayo haina njaa kali kama ile iliyoshikana na zinki. Na zebaki yenyewe haina shauku kubwa ya kushika oksijeni. Maji yakipita, hakuna kinachotokea. Alkoholi ikipita, vivyo hivyo. Hakuna mwali, hakuna gesi, hakuna dalili. Ethili iliyoshikwa na zinki haivuki hata tone moja la maji. Methili iliyoshikwa na zebaki hukaa majini, huingia katika vijidudu, katika samaki wadogo, katika samaki wakubwa, na katika mwili wa mla samaki, kila ngazi ikiwa na kiasi kikubwa kuliko iliyo chini yake. Katika mwili wa binadamu nusu ya kiasi kilichoingia huchukua takriban siku 50 kutoka. Hupita katika kondo la nyuma, na anayeumia zaidi ni mtoto aliye tumboni. Utulivu wake ndio ubaya wake.

Hapo ndipo kemia inapokutana na uwanja wetu, yaani maneno.

Lugha yetu ina neno zuri la kale, “zebaki”, lililotufikia kutoka Kiarabu. Tatizo ni kwamba neno hilo moja limebebeshwa vitu vitatu. Kuna zebaki tupu, metali nzito inayong’aa na kutiririka, ambayo mchimbaji huichanganya na mchanga wa dhahabu mwaloni. Kuna mvuke wa zebaki, unaotoka pale mchanganyiko huo unapopashwa moto ili dhahabu ibaki peke yake. Na kuna methilizebaki, ambayo hakuna mchimbaji anayeitengeneza, bali bakteria wa kwenye matope yasiyo na hewa, ya vinamasi, ya mabwawa, hata ya majaruba ya mpunga, ndio huitengeneza kutokana na zebaki iliyotupwa.

Vitu hivi vitatu havina sumu sawa. Zebaki tupu ikimezwa, karibu yote hupita tumboni bila kufyonzwa. Mvuke wake ukivutwa, takriban asilimia 80 hubaki mwilini na hufika katika ubongo. Methilizebaki ikiliwa, karibu yote hufyonzwa. Sasa msikilize mchimbaji anayekwambia, “Fulani aliwahi kumeza zebaki na yupo hadi leo, maneno ya wataalamu ni vitisho.” Kuhusu zebaki ya kwanza anasema ukweli. Anaishi na ya pili kila jioni, na ya tatu ataipeleka kwa watoto wa mtu asiyemjua. Sisi tumempa neno moja tukamwambia “zebaki ni sumu”. Yeye ameona kwa macho yake kwamba si kila mara. Tumemfundisha kutotuamini.

Ubaya haukuishia katika jina. Kitenzi pia kinadanganya. Katika machimbo husemwa “kuchoma”: dhahabu inachomwa, zebaki inachomwa. Katika Kiswahili, kilichochomwa kimekwisha, kimekuwa majivu. Lakini zebaki haiungui. Hufika nyuzi 357 za Selsiasi ikachemka, ikapaa ikiwa zebaki ileile, ikapoa, ikatua juu ya paa, juu ya chungu, juu ya nguo zilizoanikwa, na mvua ikaishusha bondeni. Kitenzi sahihi tunacho: ni “kuvukiza”. Anayesema “nimeichoma” anafunga hesabu. Anayesema “nimeivukiza” analazimika kuuliza, “Imekwenda wapi?” Swali hilo ndilo litakalomfanya atafute chombo kilichofungwa chenye bomba la kuirudisha, asipike zebaki katika karai alilopikia mboga.

Husemwa pia “moshi wa zebaki”. Moshi huonekana na hunuka. Mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu. Mama aliyekaa mlangoni na mtoto mgongoni, asipoona moshi, anaamini hewa ni safi. Neno limemhakikishia.

Wapo watakaosema natia chumvi, kwamba maneno hayaui. Nawapeleka Iraki, mwishoni mwa mwaka 1971. Baada ya ukame, serikali iliingiza mbegu za ngano na shayiri zilizopakwa dawa ya kuzuia kuvu, na dawa hiyo ilikuwa methilizebaki. Mbegu zilitiwa rangi ya kutahadharisha, na magunia yalikuwa na maonyo. Maonyo yaliandikwa kwa Kihispania na Kiingereza. Wakulima walisoma Kiarabu, au hawakusoma kabisa. Waliona kwamba rangi hutoka kwa kuoshwa, wakadhani sumu imetoka pamoja na rangi, wakasaga, wakaoka mikate. Hesabu rasmi za serikali zilitaja watu 6,530 waliolazwa hospitali na 459 waliokufa. Mkulima yule alikuwa na dhana ya kikemia kichwani, kwamba maji huondoa sumu. Ingekuwa kampaundi ya zinki, maji yangeivunja kweli. Ilikuwa ya zebaki, na hapakuwa na mtu aliyemweleza tofauti kwa lugha aliyoielewa.

Naona wasomi wakinijibu kwamba mwanafunzi anahitaji Kiingereza apate mtihani na kazi. Ajifunze, sina ugomvi. Ajifunze na Kichina akipenda. Lakini anayevukiza zebaki usiku huu hana mtihani kesho. Na binti aliyefaulu kemia kwa Kiingereza, akirudi likizo, anakaa na mama yake jikoni akiwa na elimu ambayo haina njia ya kutoka mdomoni mwake. Elimu ya namna hiyo ni fedha ya nchi nyingine: ni halali, lakini dukani kwetu hainunui chumvi.

Nageukia sasa kundi la pili, ndugu zangu washairi, ambao nawapenda na kwa hiyo sitawabembeleza. Mnasema “alkoholi” na “kemia” ni maneno makavu ya kigeni yasiyokaa katika ubeti. Kwanza, hayo yote mawili yalipita katika Kiarabu kabla ya kufika Ulaya, sawa na “zebaki”, na sawa na maneno mengi mnayoyaringia katika tungo zenu. “Alkoholi” ilianza kwa jina la wanja, unga ule wa macho ambao washairi wa Pwani hawajauchoka hadi leo. Mnalitukuza tunda na kulikana tawi. Pili, kama shida ni mizani, basi huu hapa ubeti wa mwalimu mzee, mnane kwa mnane. Si bora, lakini hesabu yake imetimia na kemia yake ni kweli:

Ethilizinki na maji, huwaka na haibaki,
Sikia we mchimbaji, nduguye wa kizebaki,
Humfikia mlaji, aliyekula samaki,
Haivunjiki kwa maji, na upesi haitoki.

Mwenye kipaji kuliko mimi, na ninyi ni wengi, atatunga kilicho bora mara kumi. Atungie ngoma, atungie redio, atungie watoto. Ushairi wetu ulikuwa ukifundisha udhu, ndoa na maziko tangu zamani. Sioni kwa nini uone haya kufundisha mvuke.

Tena, wachimbaji wamewatangulia. Wao hawakungoja kamati. Shimo wamelipa jina la “duara”, mashine ya kusaga mawe “karasha”, na mchanga uliokwisha kuoshwa wameuita “marudio”. Tazameni neno hilo la mwisho. Limesema ukweli ambao vitabu huutaja kwa aya nzima: mchanga ule hutarajiwa kurudiwa, na zebaki iliyobaki ndani yake hurudi nao. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ulioitwa kwa mji wa Kijapani ambako ugonjwa wa methilizebaki ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, na ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unautaja mtindo wa kumwagia sianidi mchanga wenye zebaki kuwa miongoni mwa vitendo vibaya vinavyopaswa kukomeshwa. Pamoja nao umo uvukizaji wa wazi, na ule wa katika makazi ya watu. Mchimbaji akiambiwa “usitie sianidi katika marudio kabla ya kuondoa zebaki”, anaelewa kwa pumzi moja. Akisomewa ibara ya mkataba kwa Kiingereza, anapiga miayo, na ana haki.

Kwa hiyo nadai mambo matatu, na nadai kwenu kwa sababu ninyi ndio mnaopenda lugha hata pasipo malipo. Mosi, tuache kulitumia neno “zebaki” peke yake pale tunapozungumzia madhara. Tuseme zebaki tupu, mvuke wa zebaki, au methilizebaki. Mwenye jina bora alilete hapa tulijadili. Pili, tuseme “kuvukiza” badala ya “kuchoma”, katika maandishi, katika matangazo, na katika mazungumzo na jamaa zetu walioko machimboni. Tatu, anayetaka kuendelea kusema kwamba kemia si ya Kiswahili asiseme hivyo akiwa Dar es Salaam penye feni. Aje Rwamagasa jioni, asimame karibu na karai lililo juu ya makaa, na awaambie waliolizunguka, kwa lugha yoyote anayoichagua, kile kinachoingia puani mwao. Akimaliza, awaulize walichoelewa.